MAONGEZI YA KARANI: Motokaa, Deni na Joto la Pwani



Juma lililopita, jioni ya Jumamosi, nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba yangu hapa Gitothua, nikamwona kijana mmoja, jirani yetu, anakuja na karatasi mkononi. Baada ya kusalimiana na kunywa chai alinieleza haja yake. Yeye ni karani kama mimi, na amepata barua ya uhamisho: mwezi ujao ataripoti kazini Mombasa. Karatasi ile ilikuwa na picha ya motokaa aliyoipenda, na nyuma ya picha ameandika hesabu kwa kalamu: bei ya motokaa, akiba aliyo nayo, na mkopo atakaouomba katika chama chetu cha akiba na mikopo.

"Kaka," akaniambia, "wewe umekaa Pwani na motokaa. Nataka unitazamie hesabu hii kama iko sawa."

Niliisoma. Kujumlisha na kutoa vilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo sikuweza kumwambia kwamba hesabu iko sawa, maana ndiyo ile ile niliyoiandika mimi mwenyewe mwaka 2019, nami najua ilinifikisha wapi. Niliyomweleza jioni ile nawaelezeni nanyi leo, kwani wako wengi miongoni mwetu wanaotamani kununua motokaa, na si vibaya kutamani. Ubaya ni kudhani kwamba kazi imekwisha siku unapokabidhiwa ufunguo.

Nilihamishwa kutoka Thika kwenda Mombasa mwaka 2018. Mke wangu na watoto wakanifuata, wazazi wakabaki Gitothua. Kila likizo tulipanda basi, mizigo na watoto, nikaona heri niwe na chombo changu. Akiba yangu katika chama ilikuwa shilingi 200,000, na kwa desturi ya vyama vingi vya namna hii mwanachama huweza kukopa mara 3 ya akiba yake. Nikapewa shilingi 600,000 kwa miezi 36. Nilikuwa na shilingi 180,000 nyingine taslimu. Nikazijumlisha, nikanunua motokaa ya shilingi 780,000, iliyokwisha kutumika Japani. Baada ya kulipia bima ya lazima sikubaki na kitu ila fedha ya petroli.

Wenzangu 3 wa ofisini walitia sahihi kunidhamini. Mmoja wao alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa Mombasa, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alitia sahihi bila kuuliza hata swali moja, akasema, "Nenda, mwanangu, Mungu akujalie heri."

Motokaa ilikwenda vizuri miezi kadhaa. Maji ya rejeta yalipopungua, niliongeza maji ya kisima cha uani. Fundi mmoja wa barabarani aliniambia kwamba themostati ni kitu cha nchi za baridi, akaitoa. Nami nikafurahi kwa kuwa hakunitoza hata senti. Oili niliichelewesha mara mbili, maana makato ya mkopo yalikuwa karibu shilingi 19,900 kila mwezi, na kila mwezi nilijiambia, "Mwezi ujao."

Desemba 2019 tulipakia mizigo, tukaondoka Changamwe alasiri kwenda nyumbani kwa Krismasi. Tulipopanda Mazeras, mshale wa joto ulianza kuinuka. Tulipopita Mariakani ulikuwa karibu na alama nyekundu. Mke wangu alisema, "Baba, tusimame." Nikamjibu kwamba jua linakaribia kutua, tukifika Voi tutapumzika. Kabla ya Samburu injini ilitoa mvuke mweupe, ikazima. Tulilala njiani, watoto wakilia kwa mbu, na asubuhi tukapata lori la kutuvuta kurudi Mombasa. Gereji iliniambia kwamba silinda hedi imepinda na gasketi imeungua: matengenezo shilingi 145,000. Sikuwa nazo. Motokaa ilikaa chini ya mwembe miezi 7, nami kila mwisho wa mwezi nilikatwa shilingi 19,900 kwa chombo kisichoweza kunifikisha hata sokoni.

Hilo lilinihusu mimi. Lakini Juni 2020 yule mzee alistaafu, akaenda chamani kuchukua akiba yake ili amalizie nyumba yake na kumlipia binti yake karo ya chuo. Akaambiwa kwamba hawezi kujitoa mpaka mkopo wangu umalizike, au nipate mdhamini mwingine wa kushika mahali pake. Alikuja ofisini kunitafuta. Hakufoka. Aliketi, akavua kofia, akasema, "Mwanangu, motokaa yako imesimama, nami nimesimama nayo." Sijapata kuona haya kama siku ile. Kwa majuma 3 nilipita kutoka meza hadi meza nikiomba mdhamini, na kila mtu alikuwa amekwisha kuiona motokaa chini ya mwembe. Mwishowe alipatikana mmoja wa kunihurumia. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga; lakini hawakutuambia kwamba matangani wafiwa huweza kuwa wengine.

Basi tutazame tena hesabu ya yule kijana, kipande kwa kipande.

Kwanza ni bei yenyewe. Motokaa nyingi tuzinunuazo huja kwa meli kutoka Japani na kushushwa bandarini Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyozidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Anayejiagizia mwenyewe ajue kwamba kodi hutozwa moja juu ya nyingine: ushuru wa forodha, ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, na ada nyingine ndogo ndogo. Tena Mamlaka ya Mapato haihesabu kwa bei uliyopatana na mwuzaji wa Japani. Ina orodha yake ya bei za motokaa mpya, nayo hupunguza thamani kwa kadiri ya umri. Wengi wamefurahia bei ya mtandaoni, wakaja kushangaa bandarini.

Anayenunua kwa mtu hapa nchini asitoe hata shilingi moja kabla ya kutafuta habari za motokaa katika daftari la NTSA. Atazame jina la mwenyewe, na kama pameandikwa jina la benki au la mkopeshaji pamoja naye. Jina hilo likiwapo, motokaa ni rehani, na deni la mwingine litakufuata hadi mlangoni pako. Atazame pia tairi: ubavuni mna tarakimu 4, mbili za juma na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyoandikwa 2315 ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2015. Tairi yaweza kung'aa kama mpya na huku mpira wake umezeeka. Joto la Pwani huimaliza upesi.

Pili ni mkopo. Hapa ndipo wasomi na wasiosoma huanguka pamoja, kwa sababu asilimia hudanganya masikio. Chukua shilingi 600,000 kwa miezi 36. Chama kikikutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, utalipa karibu shilingi 19,930 kwa mwezi, na riba yote itakuwa karibu 117,400. Mwingine atakuambia, "Sisi nasi twatoza asilimia 12 kwa mwaka," na masikioni ni ile ile. Lakini yeye huihesabu juu ya shilingi 600,000 zote hadi siku ya mwisho, hata ukiwa umekwisha kulipa nusu. Kwake riba ni shilingi 216,000, na kila mwezi utalipa 22,667. Tofauti ni karibu shilingi 98,600, nayo yatoka katika neno moja tu ambalo hukuliuliza. Basi uliza hivi: "Riba ni juu ya deni lililobaki, au juu ya deni la kwanza?" Kisha uombe uandikiwe jumla ya fedha utakazokuwa umelipa siku ya mwisho. Asiyetaka kukuandikia, mwage.

Wako pia wanaokopesha kwa kushika logbook. Fedha hutoka upesi, pengine siku hiyo hiyo. Jina la mkopeshaji huandikwa kando ya lako, na ukishindwa kulipa huja kuichukua motokaa. Tufanye mfano: mtu akikopa shilingi 600,000 kwa asilimia 4 kwa mwezi juu ya deni la kwanza, kwa miezi 24, riba yake ni shilingi 576,000, na malipo ya kila mwezi ni shilingi 49,000. Kwa fedha hiyo angalinunua motokaa ya pili, au kukaribia kuinunua. Sisemi kwamba kila mkopeshaji hutoza hivyo. Nasema kila mtu achukue kalamu na karatasi kabla ya kuchukua fedha.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba makato ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Watu wengine huielewa sheria hiyo kama ruhusa ya kukopa hadi mpaka huo. Hasha! Theluthi inayobaki ni ya unga, karo, kodi ya nyumba na dawa. Motokaa nayo itaketi mezani kama mtoto mwingine.

Nasema hivi: asiyekuwa na fedha ya kuitunza hajawa na fedha ya kuinunua. Katika kila shilingi 10 ulizo nazo, nunua kwa 8, weka 2. Lau mimi ningalinunua motokaa ya shilingi 620,000, ningalibaki na shilingi 160,000 mkononi, na huenda ningalisafiri hadi Gitothua na watoto wangu bila kulala njiani.

Tatu ni joto, na hapa kijana wetu hakuwa ameandika lolote.

Sisi wa Ruiru twakaa mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Asubuhi ya mwezi wa Julai twavaa makoti. Motokaa ya hapa yaweza kusamehe uvivu mwingi wa mwenyewe. Mombasa haisamehi: kuanzia Januari hadi Machi jua la mchana hupita digrii 30 siku nyingi, na hewa imejaa unyevu na chumvi. Tena safari ya kurudi nyumbani ni kupanda, toka ufukoni hadi huku juu, karibu kilomita 500. Jambo hili lina siri yake. Maji huchemka kwa digrii 100 pwani, lakini huku Ruiru huchemka kwa kama digrii 95. Motokaa haichemki kila siku kwa sababu mfuniko wa rejeta una springi inayoyabana maji yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea, ulinzi umekwisha. Nao hununuliwa kwa fedha kidogo sana.

Maji ya rejeta yasiwe ya kisima. Visima vingi vya kisiwa cha Mombasa vina chumvi, na chumvi hula chuma na kuacha gamba katika mifereji myembamba, hata maji yasipite. Tumia maji yaliyotiwa dawa, yale ambayo mafundi huyaita kulanti, na uyabadilishe kwa muda uliotajwa katika kitabu cha motokaa. Nilipopasuliwa injini yangu, fundi alinionyesha mifereji imejaa tope la rangi ya kutu. Dawa ile haingalinigharimu hata shilingi 3,000.

Themostati isitolewe. Kazi yake ni kuongoza maji: injini ikiwa baridi, huyafungia, ikipata moto, huyafungulia yaende kwenye rejeta. Katika injini nyingine hufunga pia njia ya mkato, ili maji yote yapite mbele kupoa. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi injini bila kupoa, na motokaa huzidi kupata moto badala ya kupungua. Na huku kwetu asubuhi ya baridi, injini isiyo nayo huchelewa kupata moto wake, hula petroli nyingi na kuchakaa. Kama imeharibika, weka nyingine.

Betri huumia kwa joto kuliko kwa baridi, ingawa wengi hudhani kinyume. Joto hukausha maji yake na kuharakisha kuliwa kwa risasi iliyo ndani. Itazame kila mwezi, uisafishe vichwa, na usingoje ikuache sokoni. Tairi zipimwe upepo asubuhi kabla ya safari, zikiwa baridi. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kwa kila mzunguko, hupata moto, na hupasuka njiani, hasa motokaa ikiwa imejaa watu na magunia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na mafuta yenye maji huchemka upesi mguu unapokanyaga breki kwa muda mrefu mteremkoni. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2 au kama kitabu kisemavyo. Kwa ajili ya chumvi ya bahari, osha tumbo la motokaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, si mlango na kioo tu. Kutu huanzia pale ambapo jirani haoni.

La mwisho katika hili: mshale ukiinuka, simama. Zima injini, fungua boneti, ngoja. Usifungue mfuniko wa rejeta ungali moto, maana maji yatakurukia usoni. Kusimama kwa saa nzima Mazeras si aibu. Najua, kwa kuwa sikusimama.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni kwa sababu ulinunua kuukuu, mpya haina taabu." Nimkumbushe habari za Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya East African Safari, yaliyokuwa yakisifiwa kwa matope, vumbi na mashimo yake. Hawakuwa na motokaa mpya. Walikuwa na Volvo kuukuu, iliyokwisha kutumika mashindanoni na wengine, wakainunua. Lakini Joginder alikuwa fundi. Aliijua kila nati yake. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi. Kwa hiyo ukuukuu wa motokaa hausemi mengi kama mkono wa mwenyewe unavyosema.

Yangu niliitengeneza Julai 2020, baada ya kuuza ng'ombe mmoja wa nyumbani, na deni nililimaliza mwaka 2022. Motokaa ile ningali nayo. Ndiyo iliyosimama nyuma yetu tulipokuwa tukizungumza. Yule mzee alipata akiba yake, akamaliza nyumba yake. Nilipohama Mombasa nilikwenda kumuaga, akanipa maembe ya kuwaletea wazazi, wala hakuligusa jambo lile. Mimi nalikumbuka kila nifunguapo boneti.

Nilipokwisha kusema hayo, kijana aliikunja picha yake, akanyamaza kidogo. Kisha akatoa mfukoni karatasi nyingine, fomu ya mkopo, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, ukweli ni kwamba nilikuja kukuomba unidhamini."

Sikumkatalia, mimi nami nilidhaminiwa. Nikamwambia aende Mombasa kwanza kwa basi, akae miezi 6, ajue njia ya kwenda kazini na bei za huko, aongeze akiba yake. Kisha aniletee hesabu ya pili, yenye mstari wa bima, wa tairi, wa oili, wa maji ya rejeta, na wa fedha iliyobaki baada ya yote. Mstari huo wa mwisho nikiuona una kitu, nitatia sahihi.

Aliniomba kalamu. Akaanza kuandika pale pale, juu ya goti lake, na chai yake ikapoa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wasomaji wenye maarifa mengine juu ya motokaa na joto la Pwani waniandikie. Nitayaeleza hapa, majuma yajayo, kwa faida ya wote.

Ndimi,
Karani wa Gitothua